UZI: Kikorea kwa anayewaza kwa Kiswahili (sarufi na maneno ya kila siku)

Kalamu Kavu (mwanzisha uzi)

Wakuu, heshima kwenu.

Humu ndani haipiti wiki bila mtu kuuliza aanzie wapi kujifunza Kikorea. Wengine mmeingia kwa mlango wa tamthilia, wengine mnawinda ufadhili wa masomo, wengine bosi wenu ni Mkorea na mmechoka kuongea naye kwa mikono. Majibu nayo ni yale yale: pakua programu fulani, angalia video fulani. Karibu zote zimeandaliwa kwa mtu anayewaza kwa Kiingereza. Matokeo yake Mswahili anatishwa na mambo ambayo kwake yalipaswa kuwa mteremko, na yale yatakayomtesa kweli hakuna anayemtahadharisha.

Taasisi ya serikali ya Marekani inayowafundisha lugha wanadiplomasia wake imekiweka Kikorea kwenye kundi la lugha ngumu kabisa, saa 2,200 za darasani. Hiyo namba inazunguka sana mitandaoni. Lakini ilipigwa kwa mtu aliyekulia kwenye Kiingereza. Wewe tangu utotoni unasema "wangalinipikia" bila kutoka jasho. Kitenzi chenye mizigo mingi ni cha nyumbani kwako.

Herufi kwanza. Maandishi yao yanaitwa Hangul, 한글. Mfalme Sejong aliyaunda mwaka 1443 na yakatangazwa 1446, ili raia wa kawaida asiye na muda wa kukariri maelfu ya herufi za Kichina naye asome na kuandika. Konsonanti za msingi ni 14, irabu za msingi 10, na zikiunganishwa unapata 40 kwa jumla. Hazikuchorwa hovyo: ㄱ inafuata ulimi ulivyojikunja kuelekea kooni, ㄴ ulimi ulivyogusa nyuma ya meno, ㅁ ni mdomo. Ukiwa na daftari na nia, wiki haiishi hujazikamata.

Ukishazikamata, acha moja kwa moja kusoma Kikorea kwa herufi za Kilatini. Hapa silegezi. Ukiona "Seoul" utasema Se-o-ul, silabi tatu. Wenyewe wana mbili tu, 서 na 울, na ile ㅓ si "e" wala "o" yetu. Ni kama "o" ambayo midomo imekataa kuviringika. Mwenzake ni ㅡ: tamka "u" huku umeitandaza midomo kama mtu anayesema "i". Hizo mbili hatuna, na ukiziruka mwanzoni zitakufuata mpaka mwisho.

Mtego wa pili ni silabi inayofungwa na konsonanti. Sisi tumezoea kumaliza na irabu, kwa hiyo 밥 (wali, au chakula kwa jumla) Mswahili anasema "babu". Funga midomo kwenye ile ㅂ ya mwisho na uiache imefungwa hapo hapo, usiiachie. Halafu ujue kwamba mwishoni mwa silabi kuna sauti saba tu. 낮 (mchana), 낫 (mundu) na 낯 (uso) zinaandikwa tofauti lakini zikisimama peke yake zinasikika sawa, "nat". Ikifuata irabu ndipo kila moja inaonyesha rangi yake: 옷 (nguo) ni "ot", ila 옷이 inakuwa "oshi".

Sasa sarufi. Kitenzi kinakaa mwisho, hakuna mjadala:

저는 시장에서 생선을 샀어요.
Mimi – sokoni – samaki – nilinunua.

Tazama 시장에서. 시장 ni soko, 에서 imebandikwa nyuma. Sisi nasi tunabandika nyuma: soko, sokoni. Tofauti ni kwamba "-ni" yetu inafanya kazi zote, wao wamezigawa. Naenda sokoni ni 시장에 가요. Nimenunua sokoni ni 시장에서 샀어요. Natoka sokoni ni 시장에서 와요. Kwa ufupi, unakoelekea ni 에, pahali tendo linapofanyika au unapotokea ni 에서.

Na hii naipenda kuliko zote. Vitabu vingi vinakwambia ukitaka wakati uliopo, kitenzi chenye ㅏ au ㅗ mwishoni mwa mzizi kinachukua 아요, vingine vyote 어요. Kwa hiyo 가다 (kwenda) inakuwa 가요, 보다 (kuona) 봐요, 먹다 (kula) 먹어요, 마시다 (kunywa) 마셔요. 하다 (kufanya) ni mkorofi, inakuwa 해요. Watu wanalalamika kanuni hii ni ya ajabu. Ya ajabu kwa nani? Sema: pika, pikia. Funga, fungia. Kata, katia. Sasa: soma, somea. Enda, endea. Nani alikufundisha kwamba mzizi wenye "e" au "o" unachukua "e" na mingine inachukua "i"? Hakuna, masikio yako yanajua. Irabu ya mzizi inachagua irabu ya kiambishi, kule na huku.

Ukishapata 먹어요, mengine ni kuongeza tu: 먹었어요 nilikula, 먹을 거예요 nitakula, 먹고 싶어요 nataka kula, 안 먹어요 sili, 못 먹어요 siwezi kula. Na kunyambulisha wanako: 먹다 kula, 먹이다 kulisha, 먹히다 kuliwa. 입다 kuvaa, 입히다 kuvisha. Mtu wa Kiingereza anajifunza haya kama maneno mapya, wewe unaona ukoo mmoja.

Nitaendelea na maneno ya kila siku. Ulizeni.

Bi Mkeka

Uzi mtamu huu, naweka kambi. Swali langu ni lile la watu wote: 은/는 na 이/가, vile vipande vinavyobandikwa nyuma ya jina. Nimeambiwa moja ni ya "mada" nyingine ya "kiima". Sasa "mimi" katika "mimi nimekuja" ni mada au ni kiima?

Kalamu Kavu

Bi Mkeka, achana na hayo majina, sikiliza swali linalojibiwa.

Mtu akiuliza 누가 왔어요? (nani amekuja?), unajibu 제가 왔어요. Hiyo ni "mimi ndiye niliyekuja". Habari mpya iko kwenye "mimi", kwa hiyo 가. Lakini ukiwa unajieleza tu, 저는 학생이에요, hiyo ni "mimi ni mwanafunzi", yaani kwa upande wangu, habari ni mwanafunzi. Kwa hiyo sehemu nyingi ambapo ungeweka "ndiye, ndiyo, ndicho", weka 이/가. Sehemu ambapo ungesema "kwa upande wa…" au ungemtaja mtu halafu ukapumzika kidogo, weka 은/는.

Kuna sentensi maarufu kwenye vitabu vya sarufi yao: 코끼리는 코가 길어요. Tembo, pua ndefu. Wazungu wanakuna kichwa, mbona wenye sentensi ni wawili? Wewe unasema kila siku "Juma roho yake nzuri", "nyumba hii mlango mbovu". Tembo ametajwa kwanza (는), kisha kinachosemwa juu yake ni pua (가).

는 pia inabeba ulinganisho. 고기는 안 먹어요 ni "nyama ndio sili", na aliyekusikia anaelewa kwamba samaki akiletwa utamla.

Mvita Halisi

Salaam aleikum jamaa. Nataka niongeze kitu ambacho nyinyi wa bara mtakitolea jasho na sisi wa pwani tumezaliwa nacho.

Kikorea wana ㄱ, ㄲ na ㅋ. ㄷ, ㄸ na ㅌ. ㅂ, ㅃ na ㅍ. ㅈ, ㅉ na ㅊ. Ukizisikia mara ya kwanza utaapa ni moja. Sasa muulize mtu wa Mombasa au Lamu anayekijua Kimvita au Kiamu vizuri: kaa la moto na k'aa wa baharini ni mamoja? Paa la nyumba na p'aa wa porini? Si mamoja, huyo wa pili anatoka na pumzi. Hiyo pumzi ndiyo ㅋ na ㅍ. Weka kipande cha karatasi mbele ya mdomo, kikipepea umepata.

Ile ya kuandikwa mara mbili ndiyo hatuna hata sisi. Unakaza koo na hutoi pumzi kabisa. 방 ni chumba, 빵 ni mkate (neno lenyewe lilitoka kwa Wareno, likapitia Japani). 달 ni mwezi, 딸 ni binti, 탈 ni kinyago. Ukimwambia mzee wa watu binti yake ni mzuri, kaza koo hilo, usije ukamsifia kinyago.

Kingine, vijana wa Seoul siku hizi ile ya kawaida mwanzoni mwa neno nao wanaitolea pumzi, tofauti wanaiweka kwenye sauti: ya kawaida inashuka, yenye pumzi inapanda. Kwa hiyo sikiliza mwinuko, usisikilize pumzi peke yake.

Nusu Shilingi

Mkuu uzi mzuri ila umetia chumvi. Unatuambia Kikorea na Kiswahili ni mtu na binamu yake. Hebu tuseme kweli.

Kwanza kitenzi chetu kinasema nani katenda: nilikula, ulikula, walikula. Chao hakisemi. 먹었어요? Nani kala? Mimi, wewe, paka? Inabidi ubahatishe kwa mazungumzo. Pili huo mnyambuliko wa 이/히 haufanyi kazi kwa kila kitenzi. Sisi "-sha" na "-wa" unabandika karibu popote, wao ni orodha ya kukariri, na vitenzi vilivyobaki vinasukumwa na -게 하다, yaani "kumfanya atende". Tatu, virejeshi vyao viko kinyumenyume: "kitabu nilichonunua jana" kwao ni 어제 산 책, "jana-nilichonunua kitabu". Sentensi ikiwa ndefu unasoma huku unasubiri kujua kinazungumzwa kitu gani. Hapo Kiswahili hakikusaidii lolote.

Halafu maneno yao mengi ni ya Kichina.

Kalamu Kavu

Nusu Shilingi, kwenye mnyambuliko na virejeshi tuko pamoja, hivyo ni vya kukalia kitako. Virejeshi dawa yake ni kusoma kutoka mwisho: tafuta jina, kisha rudi nyuma. Kwenye 먹었어요? kwa kweli hawabahatishi. Ukimuuliza mtu ana kwa ana, ni yeye. Ukijieleza, ni wewe. Wakitaja wa tatu, wanamtaja mara moja kisha wanamwacha. Kosa la wageni ni kurudia 저는, 저는, 저는 kila sentensi, inasikika kama mtu anayejigamba.

Maneno ya Kichina ni hazina, usiyaogope. Sisi tuna kitabu, katibu na maktaba kutoka mzizi mmoja wa Kiarabu. Wao wana 학, mambo ya elimu: 학교 shule, 학생 mwanafunzi, 대학 chuo, 학원 tuisheni, 방학 likizo ya shule, 유학 kusoma ng'ambo, 수학 hisabati, 과학 sayansi. Kamata 식 ya chakula: 음식 chakula, 식당 mgahawa, 한식 chakula cha Kikorea. Silabi moja inakuzalia maneno kumi. Yale ya Kiingereza nayo wameyapa irabu mwishoni kama sisi: 버스 basi, 카드 kadi.

Niko Daejeon

Nawasoma kutoka huku huku Korea, nipo kwa ufadhili wa serikali yao. Kwa wanaouliza: unapewa mwaka mmoja wa lugha kabla ya shahada, na ili uanze masomo yenyewe unatakiwa kufika daraja la 3 la TOPIK, mtihani wa Kikorea kwa wageni. TOPIK I ni kusikiliza na kusoma tu, alama 200; ukipata 80 ni daraja la 1, 140 la 2. TOPIK II ina kuandika pia, alama 300, na daraja la 3 linaanzia 120. Cheti kinaishi miaka miwili, usikimbilie kufanya mapema ukaja kukuta kimekwisha muda.

Mimi nawapa ya mtaani.

Heshima. Kitenzi kina ngazi. Kwa rafiki wa rika lako 먹어. Kwa watu wengi 먹어요. Kwenye mkutano, habari za televisheni na jeshini 먹습니다. Halafu kando ya hizo kuna heshima kwa yule unayemzungumzia: mama hali, anajongea mezani, yaani si 먹어요 bali 드세요. Kulala 자다 kwa mkubwa inakuwa 주무시다, kuwepo 있다 inakuwa 계시다. Mtoto aliyelelewa kwa shikamoo na marahaba haoni kioja hapa, tatizo ni kukumbuka neno gani. Mpaka uruhusiwe, usimshushie mtu ngazi. Ndiyo maana wanakuuliza umri siku ya kwanza tu, si umbea, wanatafuta wakuweke wapi.

"Wewe" isahau. 당신 lipo kamusini lakini ukimwambia mtu usiyemjua linaweza kusikika kama unataka ugomvi. Mwite kwa jina na 씨, au kwa cheo: 선생님 (mwalimu, ila hata asiye mwalimu anaitwa hivyo kwa heshima), 사장님 (bosi, mwenye duka). Mama anayeuza chakula wengi wanamwita 이모, dada yake mama. Kaka mkubwa ni 형 ukiwa mwanamume, 오빠 ukiwa mwanamke. Dada mkubwa 누나 kwa mwanamume, 언니 kwa mwanamke. Wanaume mliozoea tamthilia, msiende kumwita mtu 오빠.

Salamu. Wanaagana kwa kuangalia nani anaondoka: anayeondoka anaambiwa 안녕히 가세요 (nenda salama), anayebaki 안녕히 계세요 (baki salama). 밥 먹었어요? ni kujuliana hali, si mwaliko wa chakula. 수고하셨습니다 mkimaliza kazi ni "poleni na kazi" tupu, tafsiri ambayo Kiingereza hakina. 잘 먹겠습니다 kabla ya kula, 잘 먹었습니다 ukimaliza. Kumwita mhudumu: 여기요! Bei: 얼마예요? Nipe hii: 이거 주세요. Sokoni: 좀 깎아 주세요, punguza kidogo. Kwenye duka kubwa lenye bei zilizobandikwa usijaribu.

Na 우리. Nyumbani kwangu ni 우리 집, nyumba yetu, hata kama unaishi peke yako. Mama yangu 우리 엄마. Sisi tunasema "kwetu" na hatuoni ajabu, ila mke wa mtu akisema 우리 남편, "mume wetu", hapo hata mimi nilicheka.

dogo wa Temeke

Mkuu wa Daejeon, namba zao vipi? Naona zipo seti mbili.

Niko Daejeon

Ndiyo, mbili. Moja ya asili: 하나, 둘, 셋, 넷, 다섯… inaishia 99. Ya pili ya Kichina: 일, 이, 삼, 사, 오… Usishangae, nasi tunahesabu moja mpaka tano kwa Kibantu halafu sita, saba, tisa tunazitoa Uarabuni. Ila sisi tumezichanganya kwenye mstari mmoja, wao wamezigawia kazi.

Kuhesabu vitu, watu na miaka ya umri tumia za asili, pamoja na neno la kuhesabia: 커피 두 잔 vikombe viwili, 사람 세 명 watu watatu, 고양이 한 마리 paka mmoja, 책 네 권 vitabu vinne. Ukiangalia vizuri 하나, 둘, 셋, 넷 zimekatwa zikawa 한, 두, 세, 네. Pesa, tarehe, namba za simu na dakika tumia za Kichina. Saa ndiyo inachekesha: saa za asili, dakika za Kichina, 세 시 삼십 분. Na kumbuka hiyo 세 시 ni saa tisa yetu, siyo saa tatu. Mtu akikupa miadi ya 오후 세 시, fika saa tisa alasiri.

Pesa wanapanga kwa makumi elfu, 만. Noti ya kijani ya 만 원 ina sura ya huyo huyo Sejong wa herufi. Laki ni 십만, milioni ni 백만, na milioni mia wana neno lake, 억. Mpangishaji akitaja 천만, ni milioni kumi. Tulia, hesabu sifuri, kisha jibu.

dogo wa Temeke

Asante. Swali la pembeni: kuna wakala anasema nikilipia kwake kozi ya EPS-TOPIK (mtihani wa Kikorea wa EPS, mpango wao wa kuajiri wafanyakazi wa kigeni) ananipeleka kiwandani Korea kwa mkataba.

Nusu Shilingi

Dogo, kimbia. EPS ni makubaliano ya serikali na serikali. Orodha ya nchi 16 zilizokuwamo kwa miaka mingi zote ni za Asia: Nepali, Vietnam, Ufilipino, Indonesia na wenzao. Mtihani huo unafunguliwa nchi iliyosaini, hauuzwi na wakala wa ghorofa ya tatu. Kabla hujatoa hata senti, waulize wizara ya kazi na ubalozi wa Korea.

Jifunze lugha, ni nzuri. Usijifunze kwa ajili ya huyo.

Bi Mkeka

Nimejaribu sentensi zangu za kwanza. Nisahihishieni bila huruma:

어제 친구를 만났어요. 우리는 식당에 밥을 먹었어요. 저는 물 이 병을 마셨어요.

Jana nilikutana na rafiki. Tulikula chakula mgahawani. Mimi nilikunywa chupa mbili za maji.

Kalamu Kavu

Hongera Bi Mkeka, ya kwanza ni safi kabisa. Na umeweka 를, alama ya anayetendewa, kwa "rafiki" ingawa Kiswahili kilikuwa kinakuvuta kwenye "na".

Ya pili: mgahawani tendo limefanyika, kwa hiyo 식당에서 밥을 먹었어요. Hiyo 우리는 iondoe, anayekusikiliza ameshajua mko wawili.

Ya tatu ndiyo kali. Chupa zinahesabiwa kwa namba za asili: 두 병. Ulivyoandika, 이 병, mtu anasoma "chupa hii". Tena 병 ni chupa lakini pia ni ugonjwa, kwa hiyo mwenye utani atakuuliza umekunywa ugonjwa gani. Mpangilio unaosikika vizuri zaidi: 물을 두 병 마셨어요, maji kwanza, idadi baadaye, kama unavyosema "maji chupa mbili" dukani.

Sasa iandike tena hadithi hiyo hiyo, ila aliyekwenda mgahawani awe mama yako. 먹었어요 na 마셨어요 zote mbili hazitafaa.

Bi Mkeka

어제 어머니께서 식당에서 점심을 드셨어요. 물도 두 병 드셨어요.

Kula na kunywa zote 드시다?

Kalamu Kavu

Zote. Na hiyo 께서, 이/가 ya heshima, umeitoa wapi? Sijaifundisha humu.